Jina la Tiffany Chini ya Mustang

Doha, Machi 2013

Shemeji Peninah,

Kisumu mvua imeanza? Ijumaa, siku ya ibada huku, kanisani Mesaimeer, tulimwombea Tiffany mtihani wake.

Ile Mustang ya 1969 aliyofia chini yake kaka yangu nimeimaliza. Mwenye gari alitaka tuchomelee vyuma viwili chini, kutoka mbele hadi nyuma, ili bodi isijipinde. Stendi za kushikilia gari huwekwa chini ya ekseli, gari likalie uzito wake kama liko barabarani. Bila hivyo milango haifungi tena. Kaka Philipo ndiye aliyenifundisha.

Alizoea kuandika jina la binti yenu kwa chaki kwenye chuma kabla ya kuchomelea. Jana nililikuta. Sikulifuta, nimelifungia ndani. Milango inafunga vizuri.

Umeniuliza mara mbili kama alikuwa peke yake jeki ilipoteleza. Nilikuandikia ndiyo. Nilikuwepo, shemeji. Nilikuwa nimeondoa stendi moja chini yake nikaitumie kwenye gari lingine, nikamwambia jeki itashika.

Kila nikilala chini ya gari nasikia alivyonijibu kabla ya kurudi chini: “Poa, mdogo wangu. Nakuamini.”

Ni mimi,
Owen