Nyanya Niliyomrushia Mzee wa Kriketi

Nyamisangura, Tarime

Dada Boke,

Shikamoo. Sisi wazima, mtoto ameanza kuota meno.

Kuna mzee ametokea Kenya, anasema ndiye baba yetu aliyetuacha mimi nikiwa mchanga. Wazee wa hapa waliowahi kumwona baba akicheza kriketi Nairobi wanalia: "Ndiye! Yule hakupiga mpira, aliubembeleza." Mimi nasema machozi ya mashabiki si ushahidi. Sifa za baba hata tapeli anaweza kuzikariri.

Jana akaomba kumbeba mtoto. Nikampa mwiko, maana umekaa kama kile kibao chao cha kupigia mpira. "Mzee, cheza tuone."

Akacheka. "Mwanamume wa Kikurya nishike mwiko? Wewe binti!" Lakini akaushika. Nikamrushia nyanya mbivu, kwa hasira kabisa. Akaigusa kidogo tu, ikatua miguuni pake, nzima.

Bado simwamini, dada. Fundi wa kriketi si lazima awe baba. Wewe ulimjua, njoo umtazame. Mtoto sijampa, namfunga mgongoni. Ila leo nikimpakulia mzee ugali nimemhamishia mtoto mbele, amwone.

Mdogo wako anayekungoja,
Rhobi