Lasanya ya Mabiringanya

Mdogo wangu niliyekuachia ziwa,

Sisi wazima, ila lile pishi ulilonitumia limenitia kinyaa mpaka leo. Daktari kamkataza Baba wanga na nyama, nawe huko uliko ukaona dawa ni lasanya isiyo na tambi wala nyama. Haya, nikapika. Nikakata mabiringanya vipande vipana kama soli za viatu, nikayapanga kwenye trei, uyoga katikati, jibini juu. Kufungua oveni, mama wee! Yanaelea kwenye maji ya kijivu, kama nguo zilizolowekwa zikasahauliwa. Nikaonja tonge moja, likateleza kooni kama kamasi. Nikakimbilia sinki.

Na Baba unamjua. Lasanya ndiyo iliyompa jina kule hotelini alikokuwa mpishi. Siku Mama alipoivisha tambi zikapondeka, aliwamwagia kuku trei nzima mbele ya wageni. Mimi hajawahi kunisifu hata kwa chai ya rangi. Basi nikampelekea huku nimejikaza, nasubiri matusi.

Akala yote. Akakomba trei, akayanywa na yale maji, kisha akanishika mkono: "Tamu, mwanangu. Asante."

Nilitoka uani nikatapika, na safari hii si kwa ajili ya mabiringanya.

Njoo, mdogo wangu, usingoje likizo. Njoo umpikie wewe, pengine wewe utabahatika kutukanwa.

Dada yako, mikono bado inanuka.