Namba ya Jangwani

Mchafukoge, Dar es Salaam
Mei 1978

Mdogo wangu Kasmir,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia huko uliko, nami nimekusikia. Mama Candida hajambo? Na migomba, imeinuka baada ya ule upepo? Sisi huku wazima, ila goti langu la kushoto linagoma kila nikipanda ngazi. Dukani sukari inakuja siku inayotaka yenyewe.

Utaona mwandiko ni wangu. Sikumwomba mtu. Cheti cha kisomo cha watu wazima nilikipata mwaka juzi, na Mwalimu Celina alisema mbele ya darasa zima kwamba hajapata kuona mzee mbishi anayeshika kalamu kama jembe na bado anawashinda wenzake. Nimekitundika juu ya mizani. Wateja wanakisoma kwanza ndipo wanunue vitunguu.

Sasa barua yako. Umesema Wilbert anataka kuoa, na kabla ya hapo anataka ukoo umwambie baba yake, marehemu ndugu yetu Tarsis, alikufaje. Umeniomba niandike kwa mkono wangu kwamba siku ile Jangwani nami niliona namba moja kwenye nguzo ya maji kama wewe, karatasi isomwe mbele yake na mama yake Severa, mambo yaishe. Nimekaa nayo wiki tatu. Nitakujibu, lakini kwanza sikiliza habari ya ndege, maana Kariakoo nzima hakuna mzee anayejua ndege kunishinda.

Pantaleo wangu, unajua ni fundi kule uwanja wa ndege. Jumapili moja alikuja kula na mkewe, nikamuuliza imekuwaje rubani anakunywa chai na ndege inakwenda. Akasema upo mtambo unaoshika usukani wenyewe. Juu angani mmoja unatosha, ukikosea rubani ana nafasi ya kusahihisha. Lakini kuna ndege kubwa za nje zinazotua hata kwenye ukungu, na karibu na ardhi nafasi hiyo haipo, kwa hiyo inawashwa mitambo mitatu pamoja. Kila mmoja una vipimo vyake, nyaya zake, umeme wake. Mmoja ukitofautiana na wenzake, ile miwili inautoa, ndege inatua salama. Ikibaki miwili tu na ikapingana, haijulikani upi mkweli. Basi yote inaachia, rubani anashika mwenyewe na kupandisha ndege juu tena.

Nikasema hilo hata mimi ningelibuni. Wakacheka. Nikataka kumbana kidogo, nikamuuliza, na kama huo wa tatu haujapima kitu, unasema tu anachosema jirani yake? Pantaleo akaacha kucheka.

"Baba, huo ni mbaya kuliko ulioharibika," akasema. "Ulioharibika wenzake wanaugundua. Huo unamtoa aliye sahihi."

Nikainuka mezani, nikaenda kunawa.

Kumbuka, Kasmir. Masika, mchana, tunatoka Magomeni na mkokoteni umejaa ndizi, tumefika Jangwani, maji yamepita juu ya barabara. Desturi yetu ilikuwa hiyo: kila mmoja anatazama ile nguzo yenye namba za futi, anasema yake, wawili wakikubaliana tunafuata. Wewe ulisema futi moja. Tarsis akasema ni nne, tope limeziba mkono wa hiyo namba ndiyo maana inafanana na moja. Akanigeukia, suruali ameikunja magotini, kamba begani.

"Kaka, wewe umeona ngapi?"

Nikasema moja, kwa sauti kubwa. Hakubisha. Wawili tulikuwa tumesema, na zamu ya kuvuta mbele ilikuwa yake. Akaingia, maji yakamchukua.

Sasa jibu lako. Siku ile sikujua kusoma namba, hata moja. Pesa nilijua kwa rangi na ukubwa, mizani kwa mawe yake. Wewe ulifika darasa la nne, mimi ndiye mkubwa wenu, nikaona aibu. Kila masika nilikuwa nangoja useme wewe kwanza, nami naongeza sauti tu. Mwalimu Celina alipoandika nne ubaoni nilitoka nje, nikasingizia tumbo.

Namwona Tarsis, Kasmir, mpaka leo. Mtaa wa Kongo, mchana kweupe, watu tele, ardhi kavu. Suruali imekunjwa magotini. Halaumu. Anangoja nijibu.

Laiti ningesema sijui, mngebaki wawili mnaopingana, na tungegeuza mkokoteni kurudi Magomeni. Miaka yote hii umejipoza kwamba tulikuwa wawili tulioona. Nisamehe, nakunyang'anya hilo. Ulikuwa peke yako. Ulikosea kwa macho, mimi nilikosea kwa kiburi, na changu ndicho kilichomwingiza majini.

Wilbert asomewe hivi: Baba yako aliona sawasawa. Mimi kaka yake sikuona kitu.

Leo asubuhi nilimjibu na Tarsis mwenyewe, pale Mtaa wa Kongo. Nilisema kwa sauti, sikuona, wapita njia wakageuka. Bado amesimama.

Nisalimie wote wa nyumbani, na mama Candida mwambie ile kanga yake inakuja na basi la Ijumaa. Salamu zangu kwa Severa sijui kama atazipokea. Wewe mfikishie tu.

Ni mimi kaka yako,
Anselmi
(nimeandika mwenyewe, na namba zote nimezisoma)