Kwa Nini Nilikuacha Nje ya Wodi ya Wazazi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini unakula vizuri na goti limetulia tangu uliposusa ukarudi nyumbani. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako ananyonya bila adabu, na mimi sasa naweza kuketi bila kutoa machozi. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Najua nilikuumiza. Kliniki tulikwenda wote, ukajifunza kunikanda mgongo hadi mkunga akakutania kwamba atakuajiri. Hospitali ile inamruhusu mzazi kuwa na ndugu mmoja chumbani mwanzo hadi mwisho, na kwa kuwa mume wangu yuko safarini na lori lake, kila mtu alijua ndugu huyo ni wewe. Siku yenyewe mkunga akaniuliza pale mlangoni naingia na nani, nami nikamtaja mama mkwe. Mama mkwe, ambaye kuku akichinjwa hukimbilia kwa jirani! Hata yeye alibaki mdomo wazi. Ulimkabidhi mkoba wa nguo za mtoto, ukaenda kukaa kwenye benchi.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mama mkwe alikuwa ananikanda mahali pasiponiuma na kumsumbua mkunga kwa maswali, hata mkunga akamsihi akae kidogo anywe maji. Halafu mapigo ya moyo wa mtoto yakaanza kushuka. Tulikuwa tunayasikia kwenye mashine, yakipungua. Mkunga akanigeuza ubavu, na utani ukaishia hapo. Daktari alipokuja aliniambia kwa upole kwamba mtoto amechoka, na asipotoka upesi watanipeleka kwenye upasuaji. Nguvu zilikuwa zimeniishia, Mama. Niliogopa mpaka meno yakagongana. Nikaanza kukuita wewe, kwa sauti, sijali nani ananisikia.

Mkunga akasema tunaruhusiwa kubadilishana. Mama mkwe akatoka mbio kukufuata, akarudi akaniambia uko mlangoni, unavalishwa gauni la hospitali, nisukume. Nikasukuma kwa sababu ulikuwa unakuja. Mtoto akatoka kimya, kitovu kimemzunguka shingoni. Wakamsugua mgongo, wakamsugua tena, na mimi nikiwaomba wanieleze kitu, mpaka mwishowe akalia. Wakamlaza kifuani kwangu. Niligeuka nikuoneshe, hukuwepo. Ndipo mama mkwe akakiri, huku analia, kwamba benchi alilikuta tupu.

Sasa nikwambie nilichoshindwa kukisema pale mlangoni mbele za watu. Dada alipofariki akijifungua, wewe ndiye uliyekuwa umemshika mkono. Tangu tumbo langu lianze kuonekana, ukinitazama nilikuwa naona unamtazama yeye. Hata kliniki, ulipokuwa unanikanda, mikono yako ilitetemeka, ukasingizia baridi. Nikajiambia kwamba kama na mimi ni wa kufa, nisifie mikononi mwako. Sikumpenda mama mkwe kuliko wewe. Nilimchagua kwa sababu angenilia siku chache, kisha angepoa. Nilipaswa kukuuliza, na sikukuuliza. Nisamehe.

Kuna jambo lingine. Mama mkwe anasema uliondoka kwa hasira, na mimi nimemwacha aamini hivyo. Lakini benchi lile liko karibu kabisa na mlango, na nilikuita kwa sauti kubwa sana. Nadhani ulinisikia, Mama. Nadhani ulisimama uje, miguu ikakupeleka upande mwingine. Kama ndivyo ilivyokuwa, sitakuuliza kamwe, wala usione haya kunitazama. Mimi nilikufungia mlango kwa woga huohuo.

Mama mkwe anakusalimu sana. Anaogopa kumwogesha mtoto, anasema anateleza.

Hatukufa, Mama. Njoo utuone.

Mwanao, kitinda mimba wako