Sponji Niliyoirusha

Dada yangu mpenzi,

Hapa hatujambo, na ile cherehani yako bado inachapa kazi. Yale mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio nimeyamaliza! Nimekuwa wa mwisho, ndiyo, lakini nimemaliza.

Vazi la kuogelea nilijishonea mwenyewe, nikajaza sponji pale walipotoa titi kule hospitali. Fundi mzima nikasahau kuwa sponji hunywa maji! Ikawa nzito, ikanivuta upande, nikawa nazunguka tu. Nikaichomoa, nikamrushia mwokoaji kwenye boti: "Nishikie titi langu, kaka!" Akacheka hadi kasia likamponyoka. Baadaye baiskeli ikapata pancha. Nikaisukuma hadi mwisho, kisha nikakimbia.

Picha yangu ni hii: kifua bapa upande mmoja, kichwa juu. Mama akitaka kuikata ili kuuficha upande huo, mnyang'anye mkasi. Itundike sebuleni, wageni waone.

Mdogo wako,
Fundi