Mistari Minne kwenye Kadi ya Maji

Cardiff,
9 Septemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limekupa nafuu tangu ulipoteleza zizini. Mimi mwili ni mzima, sina homa wala kikohozi. Shangazi Mererid na kifua chake anaendeleaje? Na wale kondoo waliokuwa wakioza kwato, wamepona au umewapeleka mnadani? Nimesikia mvua za huko hazikatiki, nikakuwaza ukiwa mlimani peke yako na mbwa.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini kwenye simu wewe husikia nusu, na nusu nyingine hujijazia mwenyewe, na haya ya leo sitaki ujijazie. Isitoshe, wiki hii nimekupigia mara tatu, na kila mara ulipopokea kwa kusema, "Enhe, daktari wangu," niliishia kukuuliza habari za mvua.

Unakumbuka nilipokosa nafasi ya udaktari kwa sababu ya kemia. Ulisema mlango wa mbele ukifungwa, mtu huzunguka uani. Mlango wa uani ulikuwa hii shahada ya sayansi ya tiba: miaka mitatu ya kuusoma mwili wa binadamu kwa vitabu na darubini, kisha kati ya wanafunzi mia moja na thelathini, kumi na wawili huvushwa kwenda kusomea udaktari wenyewe. Sote tulikuja kwa ajili ya nafasi hizo kumi na mbili. Tuliazimana madaftari huku tukichunguliana alama. Msichana aliyekuwa akikaa karibu nami alilia chooni baada ya kila mtihani, nami, Mungu anisamehe, nikimsikia nilifarijika.

Chuo hakimwiti mtu kwenye usaili kama hajahudumia wagonjwa au wazee na kupata barua ya msimamizi wake. Ndiyo maana nilifanya kazi kila Jumamosi na Jumapili katika ile nyumba ya wazee niliyokusimulia. Huko ndiko nilikomjua Mzee Goronwy, aliyekuwa mwongoza treni enzi zake. Alikuwa na miaka themanini na minane, miguu imevimba, ulimi mkali kama wembe. Nikiingia na chai huniuliza, "Daktari, leo umekuja kunitibu au kunipima jeneza?" Nikimjibu kwamba jeneza lake tumeshalipima, tunasubiri yeye tu, hucheka mpaka akohoe. Nilimpenda, Baba. Hilo nataka ulijue kabla ya mengine.

Niliyefanya naye kazi zaidi ni Bożena, mama wa Kipolandi aliyekuwa pale miaka kumi na mmoja. Ndiye aliyenifundisha kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza na kumlisha bila kumharakisha. Alinitania kwamba nikishakuwa daktari nitapita mlangoni nisimwone.

Mwezi Juni joto lilitupiga vibaya. Msimamizi, Bibi Haf Penri, akaagiza kila mzee anyweshwe maji kila saa, na kila glasi iandikwe kwenye kadi iliyotundikwa mlangoni. Jumapili ya joto lile zamu ya upande wa Mzee Goronwy ilikuwa yangu. Kadi yake ikaonyesha glasi nne. Jumatatu asubuhi daktari alikuja, akatazama miguu ilivyojaa, akatazama kadi, akasema mzee anakunywa vizuri ila maji hayatoki mwilini. Akaongeza vidonge vya kuyatoa. Siku hiyo Bożena ndiye aliyekuwa zamu. Yeye aliandika kwamba mzee ameshindwa kunywa, amemeza vijiko vitatu tu, na akamwambia daktari kwamba ulimi wa mzee umekauka kama gome. Daktari akamwonyesha kadi ya Jumapili. Jumanne alipelekwa hospitali. Alhamisi akafa, figo zilikuwa zimekufa kabla yake.

Uchunguzi ulifanyika. Kadi zilipowekwa mezani, Jumapili mikononi mwa mwanafunzi mzee amekunywa, Jumatatu mikononi mwa Bożena hakunywa. Bożena alilia akisema alijitahidi. Aliachishwa kazi kabla mwezi haujaisha. Mimi Bibi Haf aliniandikia barua nzuri, akisifu hasa uangalifu wangu katika kuweka kumbukumbu.

Kwenye usaili waliniuliza ni mgonjwa gani aliyenifundisha maana ya kuhudumia. Nikawasimulia Mzee Goronwy, utani wake, na nilivyomshika mkono hospitali. Mama mmoja kati ya wasaili alivua miwani akafuta macho. Mwezi Agosti jina langu likatoka katika wale kumi na wawili, nawe ukasimama kanisani ukawatangazia watu.

Sasa, Baba, kaa kitini kama umesimama.

Mzee Goronwy hakunywa hata glasi moja Jumapili ile. Kesho yake nilikuwa na mtihani. Saa nne asubuhi nilimpelekea maji nikamkuta anasinzia, nikaiacha glasi mezani, mahali ambapo mkono wake haufiki. Kisha nikaingia chumba cha mashuka na karatasi zangu. Mtihani ulikuwa wa figo. Nilikuwa nasoma jinsi figo zinavyokufa kwa kukosa maji, na hatua ishirini kutoka pale mtu alikuwa na kiu. Kengele yake ililia mara mbili. Ya kwanza niliiacha mpaka ikanyamaza. Ya pili nilienda, nikaizima, nikamwambia, "Nakuja sasa hivi, mzee wangu." Akasema, "Haya, daktari, sina safari."

Nilirudi saa nane. Alikuwa amelala mdomo wazi. Niliyamwaga maji ya ile glasi kwenye sinki, nikachukua kalamu nikaandika mistari minne kwa mkupuo mmoja: saa nne, saa tano, saa sita, saa saba, glasi nzima kila mara. Nikatia sahihi. Mtihani nilifaulu vizuri sana.

Wakati wa uchunguzi sikuulizwa swali ila moja, kama kadi ni ya mwandiko wangu. Nilisema ndiyo. Hapo ndipo ningeweza kusema mengine, na Bożena alikuwa amekaa mbele yangu.

Labda ningekufa nalo. Lakini wiki tatu zilizopita nilimkuta kituo cha mabasi akisukuma ndoo ya kudekia. Sikupita nisimwone, ni yeye aliyeniona mimi. Akaniuliza, "Umeingia?" Nikaitikia kwa kichwa. Akaiacha ndoo, akanikumbatia, akasema, "Yule mzee angefurahi, mwanangu."

Baada ya siku mbili nilikwenda kwake. Alikuwa akipiga pasi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, naye hakuacha kupiga pasi mpaka akalimaliza lile shati akalikunja. Kisha akasema, "Mimi nilishaanza kuamini ni mimi. Nalala nikijiuliza labda kweli nilimsahau siku ile." Nikaanza kumwomba msamaha, akainua mkono. "Mimi usiniombe kitu kabla hujaandika. Kuandika unajua." Akanifungulia mlango.

Nimeandika. Bibi Haf amepata barua, na chuo kimepata. Nafasi yangu imesimamishwa, na tarehe ishirini na tatu nitaitwa mbele ya kamati. Nadhani unajua watakachoamua, na nadhani ni haki. Bożena ameombwa arudi kazini, amekataa. Binti yake Mzee Goronwy naye nilimwandikia kosa langu, nikimwomba ruhusa ya kwenda kwake. Alinijibu mstari mmoja: "Njoo Alhamisi. Nataka nilisikie kwa mdomo wako." Nitakwenda, ingawa sijui nitaanzaje.

Naomba jambo moja tu, Baba. Watu wa kanisani wakikuuliza, usiwaambie nimeugua wala kwamba nimebadili nia. Waambie nilivyofanya. Kama huwezi, niachie mimi nije kuwaambia, lakini usinifichie. Kufichiwa ndiko kulikonifikisha hapa, na aliyenifichia nilikuwa mimi mwenyewe.

Msalimie sana Shangazi Mererid, mwambie dawa ya kifua asiikatishe hata akijisikia nafuu. Wasalimie majirani wote walioniombea. Nawe jitunze, usipande mlimani kukiwa na ukungu.

Nitafika Ijumaa kwa basi la saa kumi jioni. Nisipokuona kituoni nitaelewa. Njia naijua, nitatembea.

Ni mimi mwanao,
Lleucu