Video ya Baba Iliyobaki Diski C

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wanao wawili. Hamjambo? Yule mdogo kikohozi kimemwachia? Sisi huku mwili mzima, magoti yangu tu ndiyo yanalalamika kama wapangaji. Roho ndiyo si nzima. Nina hasira, mdogo wangu, hasira ya kuvunja vyombo, na kama nisingekuwa navinunua mwenyewe ningeshavivunja.

Naandika kwa mkono maana ile kompyuta siigusi tena, nimeifunika shuka. Soma taratibu. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza.

Kaka yetu kaja juzi na mtu wa kupima. Hodi hakupiga. Kapitiliza mpaka vile vyumba viwili vya nyuma, wanavuta tepu, wanaandika namba kwenye boksi la sigara. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu bila hata kugeuka kwamba anabomoa ukuta wa kati apate stoo ya vigae vyake. Nikamwambia vyumba hivyo marehemu baba kakuachia wewe, na mkataba wako wa kazi ukiisha mwezi wa nane unarudi na watoto, sasa mtalala wapi, juu ya vigae? Akauliza nani kasikia. Nikamwambia nimesikia mimi, tena mimi ndiye niliyeshika simu nikamrekodi baba kakaa kitandani na fulana yake ya bluu, anataja chumba kimoja kimoja na anayemwachia. Akacheka. Akasema basi niilete hiyo video tuione wote, maana kama mdomo wangu ndio ushahidi, mtaa huu mzima ungekuwa jela. Mdogo wangu, yule nimemfuta kamasi mimi, nimembeba mgongoni, leo ananichekea kwa meno niliyompigisha mswaki mwenyewe.

Najua unauliza video iko wapi. Habari yenyewe ndiyo hiyo.

Unakumbuka simu yangu ilivyokufa, video ikabaki kwenye kompyuta peke yake. Sasa miezi miwili nyuma kompyuta ikawa nzito, ukiiwasha unaosha vyombo, unaanika nguo, ukirudi bado inajifikiria. Nikamwita fundi Miwani, yule wa kibanda cha kona. Akaniambia tumbo la kompyuta limegawanywa mara mbili, diski C na diski D, kama nyumba moja yenye ukuta katikati. C imejaa na inaumwa, lazima aifute yote apige windo upya, ile programu inayoiendesha mashine. D haiguswi na mtu. Kwa hiyo tunachokipenda kihamie D kwanza.

Alitaka kuhamisha yeye, nikakataa. Nikamwambia mambo ya familia hayashikwi na mtu wa nje. Mimi za watu nazijua zote, lakini za kwetu sitaki mtu azijue. Cheka tu, nimekuruhusu. Basi akanionyesha mara moja namna ya kukata huku na kubandika kule, akakaa pembeni na chai yake. Akanionya neno moja: video ya dakika arobaini ni mzigo, ikitoka C kwenda D inachukua muda, nitaona mstari wa kijani unajaa polepole. Ikihama kufumba na kufumbua, nimwambie kabla hajafuta kitu.

Nikahamisha, akafuta, akapiga windo, kompyuta ikawa nyepesi kama binti. Sikuifungua tena hiyo video mpaka juzi kaka aliponicheka. Naibonyeza, inaniambia faili halipo.

Hapo nikawaka. Nikapita bombani, nikapita saluni, dukani, mpaka foleni ya zahanati, nawaambia watu fundi Miwani kanunuliwa na kaka yangu afute wosia wa baba yetu. Unajua nikianza sina breki. Kufika jana watu walishaanza kuchukua kompyuta zao kwake, hata ambazo hazijapona.

Jana hiyo hiyo mchana akaja mwenyewe, miwani mkononi, hakunitukana. Akaomba aione mashine. Akanionyesha kile nilichokihamishia D, kina kishale kidogo pembeni. Akasema hiyo ni alama ya kufungulia tu, ni sawa na mtu kung'oa kibao cha mlangoni akahama nacho, nyumba akaiacha. Video yenyewe ilibaki C. Akajaribu kuivua na vyombo vyake mpaka jasho likamtoka. Haikupatikana.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu, hata yeye jana nilimnyamazia. Siku ile sikuona mstari wowote. Ilihama kufumba na kufumbua, na nikaona. Fundi akaniuliza kabisa kama imechukua muda. Wifi yetu, yule karani mke wa kaka, alikuwa kasimama mlangoni kakunja mikono, na asubuhi yake alikuwa kauliza nani kaniruhusu kushika mashine wakati hata Kiingereza cha pakiti ya dawa nasomewa. Nikasema mstari nimeuona, umejaa wote. Hata rangi yake nikaisifia. Kaka ana kosa lake na simsamehei leo wala kesho, lakini aliyekupotezea video ni mimi, kwa aibu ya mbele ya wifi.

Jumamosi kaka kawaita baba wadogo waje waamue. Ulichonacho ni mdomo wangu tu, nao ndio huo uliomuuza fundi wa watu. Ndiyo maana leo asubuhi nimekwenda kibandani kwake, wateja wawili wapo, nikasema yote: hakununuliwa na mtu, nilimdanganya, nimepoteza mimi. Hakunipa pole wala asante, akaendelea kukaza skrubu. Kisha nikarudia bombani, saluni, dukani, zahanati. Yule wa saluni akanitaka nirudie tena mwenzake hakusikia. Nikarudia.

Jumamosi nitasema alivyosema baba, neno kwa neno, chumvi sitii. Wakiniamini, vyumba ni vyako bila maneno. Wasiponiamini, kaka atabomoa ukuta na dada yake ndani, maana kitanda changu, ndoo yangu na jiko langu tangu mchana viko chumba cha nyuma, na komeo nimeliweka kwa ndani.

Nikasirikie, ni haki yako, ila usiache kuniandikia. Wabusu watoto, mkubwa mwambie shangazi... samahani, mama yake mkubwa anamsalimu, hasira zinanichanganya hata undugu. Mungu awalinde mpaka mwezi wa nane.

Ni mimi dada yako,
niliye chumbani kwako.